Kuegemea, Kuinamisha, Kujilaza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vitenzi vya Kiingereza

Darasa langu la jioni hapa Moshi lina watu wa kila namna: wagumu wanaobeba mizigo mlimani, wahudumu wa hoteli, madereva wa Arusha wanaokuja siku wasizokuwa na wageni, na vijana wa kidato cha nne ambao wazazi wamewasukuma. Ukiwauliza Kiingereza cha "kula" wanajibu kwa pamoja kama kwaya. Ukiwauliza cha "kuegemea", nusu wanajibu na nusu wanatazama dari. Kisha yanaanza maswali yaleyale ya mwaka jana na mwaka juzi. Nimeyaweka hapa ili akija mwingine nimwelekeze asome, nami nipumzishe koo.

"Kuegemea" si ni "lean" tu, Mwalimu? Ugumu uko wapi?

Neno ni hilohilo. Ugumu uko kwenye mkia wake.

Kiswahili hupenda kupakia mambo mengi ndani ya kitenzi kimoja: egama, egemea, egemeza, egemeana. Ukisema "egemea ukuta", ule mnyambuliko umeshatangaza kwamba kuna kitu kinachopokea uzito, na huhitaji neno jingine katikati. Kiingereza hakina mnyambuliko huo. "Lean" ikiwa peke yake inasema tu kwamba kitu hakiko wima. Kimeelekea wapi na kimekutana na nini, hiyo ni kazi ya neno dogo linalofuata.

Ndiyo maana "He is leaning the wall" inamshangaza mgeni. Kwa masikio yake, jamaa ameubeba ukuta na sasa anauegemeza mahali. Sema "He is leaning against the wall".

Hayo maneno madogo nitayarudia ukurasa huu mzima mpaka uchoke. "Lean back" ni kurudisha mgongo nyuma. "Lean forward" ni kuinamia mbele. "Lean over" ni kuinama juu ya kitu kilicho chini yako, kama mama anavyomwinamia mtoto aliyelala. "Lean out" ni kutoa kiwiliwili nje, na dereva yeyote wa kupeleka watu Serengeti anatakiwa aijue sentensi hii hata akiamshwa usiku: "Please don't lean out of the window." "Lean in" ni kusogeza kifua na mabega karibu na kitu. Waliopanda ukuta wa Barranco, ule mwamba mrefu wa Kilimanjaro, wanapajua pale penye mwamba unaoitwa "Kissing Rock", kwa sababu unapita huku umeukumbatia kifua kwa jiwe. Mgeni akiwa pale, mgongoni ana begi, halafu kiongozi wake kwa kuchanganya maneno akamwambia "lean back", begi litamalizia kazi iliyobaki. Mwambie: "Face the rock and lean in."

Na kuegesha gari?

Hiyo ni "park". Undugu wa egemea na egesha ni wa kwetu, wao hauwahusu.

Nitumie "against" wakati gani, na "on" wakati gani?

Angalia uzito unakwenda wapi. Kama egemeo limesimama na wewe umeligusa kwa mgongo, bega au ubavu, ni "against": ukuta, mti, mlango wa gari. Kama uzito unalishukia egemeo kutoka juu, ni "on": fimbo, kaunta ya mapokezi, bega la rafiki. Mgeni aliyechoka karibu na kambi ya Horombo mlimani, mwambie "Lean on your poles". Ukimwambia "against your poles" atazichomeka ardhini aziegemee kama nguzo za umeme, na zitapinda.

Mpaka kati ya hayo mawili hauko wazi sana. "Lean on the wall" husemwa pia, na hakuna atakayekucheka.

"Lean on" ina maana ya pili, kumtegemea mtu wakati wa shida, na hapo lugha mbili zimekutana njiani bila kuahidiana. Ila ina maana ya tatu isiyopendeza: kumbana mtu afanye unachotaka. Mgeni akikuambia kwamba "they leaned on him", usidhani walimkumbatia.

Nikisema "He has leaned against the tree", kwa nini nasahihishwa? Si "ameegemea mti"?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu kosa lenyewe linaonyesha kwamba unakijua vizuri Kiswahili chako.

Kiambishi chetu -me- kina kazi mbili. "Amekula" ni jambo lililokwisha. Lakini "amesimama", "ameketi", "amelala", "ameegemea" ni hali inayoendelea mbele ya macho yako. Ukipiga simu ukaambiwa "baba amelala", huwezi kuuliza alimaliza saa ngapi. Kiingereza huieleza hali hiyo kwa "-ing": "is standing", "is sitting", "is lying", "is leaning". Ukisema "has leaned", mgeni anasubiri umalizie: aliegemea, halafu? Mti ukaanguka?

Kwa hiyo kwa vitenzi vya mkao, -me- ya kwetu ni "-ing" ya kwao. Tembo wa Tarangire ameegemea mbuyu: "The elephant is leaning against the baobab." Ngazi imeegemezwa ukutani: "The ladder is leaning against the wall." Hata ngazi, isiyo na pumzi, inapewa "-ing".

Ukishaizoea kanuni hiyo, Kiingereza kinakugeuka. Lipo kundi dogo la vitenzi vya mkao ambavyo hali yake huelezwa kwa "-ed", yaani kama -me- yetu hasa. Ndege ametua tawini: "is perched". Mzee amejikunja kwenye kiti kama gunia lililopungua mahindi: "is slumped". Mtu amejikunyata mabega juu kwa baridi: "is hunched". Kichwa kimeinamishwa upande: "is tilted". Mgonjwa ameegemezwa mito: "is propped up". Sina kanuni ya kukupa, kundi hili linakaririwa tu. Ukibanwa, jiulize kama kuna nguvu iliyomfanya mtu awe hivyo, labda usingizi, baridi, uchovu au mkono wa mwingine. Mara nyingi ikiwepo ni "-ed". Mara nyingi, sijasema siku zote.

Nilimwambia mgeni "The lion is sleeping", akabisha kwamba macho yako wazi. Nani alikuwa sahihi?

Yeye. Samahani, kaka.

"Kulala" kwetu kunabeba mambo mawili: kusinzia, na kuwa umejinyoosha chini. Simba aliye chini ya mgunga akiwa amekodoa macho tunasema amelala, na hakuna Mswahili atakayebisha. Kiingereza kimeyatenga. Mwili uko chini: "lying down". Fahamu zimekwenda: "sleeping" au "asleep". Simba hupumzika hadi saa 20 kwa siku, kwa hiyo sentensi hizi mbili utazitumia kuliko nyingine zote za kazini, na inafaa uzitofautishe. Usipokuwa na hakika, sema "The lion is resting". Hiyo haijawahi kumfunga mtu.

Na yale maelekezo ya kwetu mazuri ya namna ya kulala: chali ni "lying on his back", kifudifudi ni "lying face down" au "on his stomach", ubavu ni "lying on his side". Madaktari wanayo "supine" kwa chali na "prone" kwa kifudifudi, lakini simba hahitaji maneno ya hospitali.

Ukitaka kumuuliza mgeni analala hoteli gani usimuulize "Where do you sleep?" Uliza "Where are you staying?"

"Lie" na "lay" zinanichanganya mpaka kichwa kinauma. Kuna njia rahisi?

Iko, na wewe Mswahili unaanza mbio ukiwa mbele ya wengi.

Lala na laza. Umemaliza. "Lie" ni kulala, mtu anafanya mwenyewe. "Lay" ni kulaza, kuna kitu kinachowekwa. "I lie down", ninajilaza. "I lay the mattress down", ninalilaza godoro. Kiingereza kina jozi nyingine za namna hiyo: "sit" na "set", "rise" na "raise". Ni zilezile kaa na kalisha, inuka na inua. Sisi tunaunda jozi hizo kila siku kwa vitenzi mamia, kwao zimebaki chache kama meno ya bibi.

Balaa linaingia kwenye wakati uliopita, kwa sababu jana ya "lie" ni "lay". Neno lilelile! Basi shika mistari hii mitatu. Kulala: "lie, lay, lain". Kulaza: "lay, laid, laid". Kudanganya: "lie, lied, lied". "Yesterday I lay under a tree", jana nilijilaza chini ya mti. "Yesterday I laid the tent on the grass", jana nililaza hema majanini. "Yesterday I lied to my boss", hiyo unajua mwenyewe. Ukiweka "-ing", kulala na kudanganya zote zinakuwa "lying", na herufi i inageuka y. Kulaza ni "laying".

Kuku kutaga ni "lay" pia, kana kwamba analaza yai chini. Kutandika meza hotelini Waingereza husema "lay the table", Wamarekani "set the table". Na "laid off" ni kupunguzwa kazi. Neno hilo wenzetu wengi wa Arusha walijifunza mwaka 2020, wageni walipokatika kwa sababu ya korona, na hawakulijifunzia darasani.

"Amelazwa hospitali" ni "He was laid in hospital"?

Hapana, hata kidogo. Ni "He was admitted to hospital", au kwa kifupi "He's in hospital". Ukisema "laid", na hasa ukiongeza "to rest", umemzika. "Laid to rest" ni kuzikwa, kwa lugha ya heshima. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika ujumbe wa kuomba ruhusa kazini kwamba shangazi yake "was laid" KCMC. Bosi wake akamjibu kwa salamu za rambirambi. Shangazi alitoka siku ya tatu, mzima, anadai chai.

"Lean" na "tilt" zinatofautianaje?

"Lean" ni habari ya uzito. "Tilt" ni habari ya pembe.

Mtu au kitu kinacho-"lean" kina mwili wote uliotoka kwenye wima, na mara nyingi kuna kinachokipokea. Kinacho-"tilt" kimebadilisha ulalo tu: kichwa, sahani, kamera, kioo cha gari, kofia. Kwetu ni kuinamisha au kuinika. Unainika mtungi ili maji yamiminike: "tilt the pot". Heroe wa maziwa ya Momella huinamisha kichwa mpaka mdomo unakuwa juu chini ndipo achuje chakula, na mgeni akiuliza anafanya nini unaanza na "It tilts its head...", kisha unamalizia habari ya kuchuja.

Vijana wa kidato cha nne wanakutana na "tilt" kwenye jiografia. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, "the Earth's axis is tilted", na ndiyo sababu ya majira. Ukiandika "leaning" mtahini ataelewa, ila atajiuliza dunia imeegemea nini.

Kuna kitu kimoja kinachotumia yote mawili, mnara wa Pisa kule Italia. Jina lake ni "Leaning Tower", kwa sababu tangu ulipoanza kujengwa karne ya 12 udongo laini umeuangusha ubavu kidogokidogo. Lakini mainjinia wakizungumza pembe yake wanasema "tilt". Ulifungwa 1990, ukafunguliwa tena 2001, na "tilt" ilikuwa imepunguzwa kutoka nyuzi 5.5 hivi hadi karibu 4. Mnara ni uleule mmoja. Anayeutazama kwa macho husema "lean", anayeupima husema "tilt".

Mgeni akitokwa damu puani mlimani nimwambie nini?

Nimeliweka peke yake kwa sababu hapa kosa la kitenzi ni kosa la huduma ya kwanza.

Juu huko hewa ni kavu na baridi, pua hupasuka ovyo. Wengi tumekua tukiambiwa tuinue kichwa, tutazame juu. Kumbe damu inarudi kooni, mtu anaimeza, anatapika. Kinachotakiwa ni akae, ainamie mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15, apumue kwa mdomo. Kwa Kiingereza: "Sit down. Lean forward. Pinch your nose here. Breathe through your mouth." Ukitamka "lean back" au "tilt your head back" umempa ushauri wa zamani kwa Kiingereza kizuri.

"Tilt your head back" ina mahali pake. Daktari wa meno anaitumia, anayekutia dawa ya matone machoni anaitumia, na dada wa saluni akikuosha nywele. Na ukifundishwa kumpulizia pumzi mtu aliyezimia asiyepumua, hatua ya kufungua njia ya hewa inaitwa "head tilt, chin lift", kichwa kinarudishwa nyuma na kidevu kinainuliwa.

"Tip" nayo ni kuinamisha?

Ni kuinamisha mpaka kimwagike au kianguke. "Tilt" inaishia kwenye pembe, "tip" inavuka. Toroli la kifusi unali-"tip". Kiti ukikiyumbisha kwa miguu miwili ya nyuma kita-"tip over", na mwalimu wako wa msingi alikuonya. Unalifahamu neno hili kuliko unavyodhani: lile lori linalobinua mchanga unaliitaje? Tipa.

Ile tipu ya mwisho wa safari, inayofanya watu wapange mstari pale getini wakiwa na nyuso za Jumapili, huandikwa vilevile. Kwa hiyo usimwambie mgeni "Don't tip!" ukimaanisha asiyumbishe mtumbwi. Atakutii.

Kulaza kiti ni "lay the seat"?

Ni "recline". "How do I recline my seat?" Kiti kinachokubali kulala ni "reclining seat". Mtu pia anaweza ku-"recline", lakini ni neno lililovaa suti, la vitabuni na kwenye matangazo ya hoteli. Kwenye mazungumzo husemwa "lean back" kama umeketi, "lie back" kama unakwenda mpaka kulala.

Kurudisha kiti wima: "put your seat up", au kwa lugha ya ndegeni, "return your seat to the upright position". Ukipanda ndege KIA utaisikia kabla magurudumu hayajaondoka chini. Ila angalia neno "seat back". Likitajwa kama kitu, ni mgongo wa kiti. Halina uhusiano na kurudi nyuma.

Niliwahi kutoka Dar na basi la usiku, jamaa wa mbele yangu akakilaza kiti mpaka kichwa chake kikawa mapajani pangu kama mjukuu. Nilimwambia, "Kaka, samahani, naomba uinue kiti kidogo." Akainua kidogo kweli, kiasi cha kidole. Kwa Kiingereza ningesema, "Excuse me, could you put your seat up a little, please?" Usiseme "Raise your chair". "Chair" ni kiti cha sebuleni kinachobebeka, cha basi na cha ndege ni "seat", na "raise" itamfanya asimame akibebe.

"Sit back" ina tofauti na "lean back"?

"Lean back" ni mgongo, "sit back" ni moyo pia. "Sit back and relax", dereva humwambia mgeni baada ya kufunga mlango: tulia, kazi niachie mimi. Sisi tukimwambia mtu "kaa mkao wa kula" tunamtaka awe tayari, macho kodo. Nimewasikia wanaoitafsiri "sit back" hivyo. Ni karibu kinyume.

Kiingereza cha kujibwaga, kujitandaza, kubweteka?

Hapa Kiingereza kina utajiri, nami huwa nachelewesha darasa. Kujibwaga kitini kwa uchovu ni "flop". Kukaa mgongo umepinda, shingo mbele, kama kijana na simu yake, ni "slouch". Kulegea mpaka mwili unaanguka wenyewe ni "slump", na bei ya kahawa ikiporomoka nayo ina-"slump", wazee wa Machame wanaijua hiyo bila mwalimu. Kujiachia kwa raha, huna haraka na mtu, ni "lounge". Kulala umetawanya mikono na miguu kila upande ni "sprawl".

Chui wa Serengeti akiwa juu ya tawi, miguu minne inaning'inia huku na huku, wengi husema "sprawled on a branch". Wapo wanaosema "draped over a branch", kama kanga iliyoanikwa, na mimi napiga kura yangu hapo. Twiga anapotanua miguu ya mbele ili anywe maji ni "splay": "The giraffe splays its front legs." Usiiweke "sprawl" kwa twiga, utakuwa umemwangusha.

"Rest" na "relax" si kitu kimoja?

Aliyechoka mwili ana-"rest". Aliyebanwa na mawazo ana-"relax". Mgumu akitua mzigo kando ya njia ana-"rest", au "he's taking a rest". Mgeni anayeogopa buibui hemani unamwambia "relax". Ukimwambia "rest" atadhani ameonekana mgonjwa. Mapumziko mafupi katikati ya kazi ni "break", na siku ile ya kukaa Horombo ili mwili uzoee kimo ni "rest day", ijapokuwa utatembezwa vilevile.

"Rest" pia ni kuweka kitu kiwe kimetulia juu ya kingine: "Rest your hand on my shoulder." Ndiyo kitenzi cha mpishi: nyama ikitoka motoni "let it rest" dakika chache kabla ya kuikata, na unga wa chapati nao "let the dough rest". Mama zetu husema uache unga upumzike. Lugha mbili, jiko moja.

"The rest" yenye maana ya waliobaki au kilichobaki ni neno lingine kabisa, lililoingia kutoka Kifaransa. Yamefanana sura tu.

Abiria wa bodaboda nimwambieje alale na kona?

"Lean with me." Pikipiki ina-"lean into the bend", na abiria anayejikaza wima ndiye anayewaangusha. Ndege ikilala kugeuka hewani ni "bank". Chombo majini kikiinamia upande mmoja kwa sababu ya maji au shehena ni "list". Sisi tuna kwenda mrama, ambayo siku hizi tunawasemea watu na mipango zaidi ya majahazi.

Mgomba umeinama kwa mkungu, naweka mti wenye panda. Kitendo hicho kinaitwaje?

"Prop up". "We prop up the banana plants with forked poles." Watalii wanaotembezwa vihambani Marangu huiuliza miti hiyo kila mara. Mgomba wenyewe "is leaning". Wewe una-"prop it up". Hakuna "lean it up". Na kwa ngazi ya kuvunia, ukiiegemeza unaweza kusema "lean" au "rest": "Lean the ladder against the tree." Kila mita nne za kupanda, mguu wa ngazi uwe mbali mita moja na egemeo, hiyo ni kanuni ya mafundi popote duniani.

"Leaned" au "leant"?

Yote mawili. Waingereza hutumia zote, Wamarekani huandika "leaned". Onyo ni la matamshi: "lean" ni ndefu, "liin", lakini "leant" ni fupi, "lent", sawasawa na kitenzi cha kukopesha kilichopita, na sawa na jina la Kwaresima.

Ni kweli kwamba "recline" na "kliniki" ni ndugu?

Kweli. "Lean", "recline", "incline" na "decline" zinatoka ukoo mmoja wa kale wenye maana ya kuinama. Wagiriki kutoka ukoo huo waliita kitanda "kline", na tabibu anayekwenda kitandani kwa mgonjwa akapata jina hapo, kisha likafika kwetu likiwa kliniki. Kwa hiyo mama anayepanga foleni Jumatatu na kadi ya mtoto, kwa asili ya neno, anakwenda kitandani. Hata "climate" imo: asili yake ni mteremko.

"Lean meat", nyama isiyo na mafuta, asili yake haijulikani kwa hakika, kwa hiyo usiapize kwamba ni ndugu. Na wala haifai kuchoma.

Mgeni wa Marekani alisema "The lion is laying there". Nimsahihishe?

Hapana. Wenye lugha wanaikosea hiyo kila siku, na umeona kwenye mistari mitatu hapo juu kwa nini. Wewe jibu kwa usahihi, "Yes, he's lying in the shade", umsogezee darubini. Siku ya mwisho ya safari bado haijafika.